Maandalizi ya Kodi ya Mapato ya Mwaka kwa Msaada wa Mshauri wa Kodi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyojibiwa hapa yanahusu kodi ya mapato ya mwaka nchini Tanzania, na yamelenga hasa mfanyabiashara mmoja mmoja, mtoa huduma za kitaalamu na mwenye kampuni ndogo ambaye hana idara ya uhasibu. Wengi wao humtafuta mshauri wa kodi wiki ya mwisho ya mwezi Juni, wakati mwaka unaotolewa hesabu ulishafungwa miezi sita iliyopita na hakuna tena uamuzi unaoweza kubadilishwa. Mshauri anayeitwa wakati huo anaandika tu yaliyokwisha kutokea. Anayeitwa Januari au Februari bado ana la kufanya. Majibu mengi yaliyomo humu yanatokana na tofauti hiyo.

Viwango vya kodi hurekebishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai ya kila mwaka, kwa hiyo kila kiwango kinachotajwa hapa kihakikiwe na mshauri wako kabla ya kukitumia katika hesabu zako.

Mwaka wa kodi unaanza na kuisha lini, na ni tarehe zipi ambazo sipaswi kuzikosa?

Kwa mtu binafsi, mwaka wa mapato ni mwaka wa kalenda, yaani kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Desemba. Kampuni inaweza kumwomba Kamishna wa kodi iruhusiwe kutumia mwaka wa hesabu ulio tofauti, na kampuni zenye mmiliki wa nje hufanya hivyo ili zilingane na kampuni mama.

Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, makadirio ya kodi ya mwaka unaoendelea yanatakiwa kuwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya tarehe 31 Machi kupita. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne: tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Baada ya mwaka kuisha, mlipakodi hupewa miezi sita ya kuwasilisha ritani ya mwisho inayoonesha mapato halisi, gharama halisi na kodi halisi. Hiyo inaishia tarehe 30 Juni.

Angalia tarehe hiyo ya 30 Juni kwa makini. Siku hiyo hiyo inaangukia ritani ya mwaka uliopita, salio la kodi ya mwaka uliopita, na awamu ya pili ya mwaka unaoendelea. Mfanyabiashara ambaye makadirio yake yalikuwa ya chini mno hujikuta analipa mafungu mawili kwa mkupuo, na mara nyingi ni katika kipindi ambacho fedha zake ziko kwenye mzigo uliopo dukani au kwa wateja ambao hawajalipa. Kupanga kodi, kabla ya kuwa suala la kupunguza kiasi, ni suala la kujua fedha itahitajika lini.

Mimi ni mwajiriwa tu na mwajiri wangu hukata PAYE (kodi ya mshahara). Je, ninahitaji mshauri?

Kwa kawaida hapana. Ikiwa mshahara ndio mapato yako pekee na mwajiri anakata na kuwasilisha kodi ipasavyo, jambo limeishia hapo. Hali inabadilika pale unapoanza kupata kitu cha pembeni, kama vile ada za ushauri, biashara ya duka au gari la abiria, kwa sababu mapato hayo hujumlishwa juu ya mshahara na kutozwa katika ngazi za juu za viwango vya kodi. Gawio kutoka kampuni ya hapa nchini na riba ya akaunti yako binafsi ya benki hukatwa kodi ya zuio (ile anayoikata anayekulipa kabla hujapokea fedha) iliyo ya mwisho, hivyo hayo mawili hayakulazimishi kuwasilisha chochote cha ziada.

Mauzo yangu kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 100. Je, haya yote yananihusu?

Kwa sehemu. Mtu binafsi mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara na ambaye mauzo ghafi yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka huingia katika utaratibu wa kodi inayotozwa kwa kuangalia mauzo badala ya faida. Hatakiwi kupeleka hesabu zilizokaguliwa, na mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kodi kabisa.

Hata hapa kuna nafasi ya kupanga, nayo ni kutunza kumbukumbu. Kwa mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu kamili hulipa shilingi 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Mama lishe aliyeuza shilingi milioni 6 kwa mwaka na ana daftari lililokamilika atalipa shilingi 60,000. Kwa mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo aliyeuza milioni 10 atalipa 180,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea shilingi 70,000.

Utaratibu huu hauwahusu watoa huduma za kitaalamu, kiufundi, kiusimamizi, ujenzi na mafunzo. Mhandisi, mwanasheria au mkufunzi anayejitegemea hutozwa kwa faida hata kama mapato yake ni milioni 30 tu. Hili huwashangaza wengi, hasa vijana waliojiajiri wakidhani kwamba udogo wa biashara unatosha. Vilevile, mfanyabiashara anayestahili utaratibu wa mauzo anaweza kuchagua kutoutumia na kutozwa kwa faida halisi. Mwenye faida nyembamba, kwa mfano muuzaji wa jumla anayebaki na shilingi chache kwa kila katoni, afanyiwe hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

Nani anastahili kuitwa mshauri wa kodi?

Mshauri wa kodi ni mtu aliyesajiliwa na TRA kufanya kazi hiyo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu anayefanya kazi kwa umma husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Mtu mmoja anaweza kuwa na sifa zote mbili, lakini mkaguzi si lazima awe mshauri wa kodi, na kinyume chake.

Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Ritani ya kampuni, na ya mtu binafsi ambaye mauzo yake yanazidi kiwango kilichowekwa kisheria, huhitaji hesabu zilizoandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu mwenye idhini ya kufanya kazi kwa umma. Kijana mwerevu anayekufungulia akaunti kwenye mfumo wa TRA na kukujazia fomu anaweza kuwa msaada mzuri wa kazi za kila mwezi, lakini hawezi kuthibitisha hesabu zako. Muombe yeyote unayetaka kumpa kazi namba yake ya usajili na uihakiki kwa chombo kilichoitoa. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Jihadhari zaidi na anayekuahidi kodi ndogo kabla hajaona hesabu zako, au anayedai ana mtu wake ndani ya ofisi ya kodi.

Makadirio ya mwezi Machi niyawekeje, ilhali sijui mwaka utakuwaje?

Hapa ndipo msaada wa kitaalamu una thamani kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wengi hufanya mzaha. Desturi iliyozoeleka ni kuchukua kodi ya mwaka jana, kuongeza kidogo ili afisa asiulize, na kusahau hadi mwaka ujao.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, mtu binafsi, mwenye mauzo ya shilingi milioni 180 na faida ya milioni 15 mwaka uliopita. Kwa mtu binafsi mkazi, mapato ya hadi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hayatozwi kodi. Kisha hufuata ngazi za asilimia 8, 20 na 25, na kinachozidi milioni 12 hutozwa asilimia 30 juu ya shilingi 1,536,000 zilizokwisha kupatikana katika ngazi za chini. Kodi ya faida ya milioni 15 ni hiyo 1,536,000 ukijumlisha 900,000, yaani 2,436,000. Akikadiria kiasi hicho hicho, kila awamu itakuwa 609,000.

Sasa tuseme mwezi Mei amepata zabuni ya kusambaza saruji na nondo kwa mkandarasi wa shule, na faida ya mwaka inaelekea milioni 24. Kodi ya milioni 24 ni 5,136,000. Asipofanya lolote, atamaliza mwaka amelipa 2,436,000, ambayo haifiki asilimia 80 ya kodi halisi. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inamtoza riba mtu ambaye makadirio yake yako chini ya asilimia 80 ya kodi iliyopatikana mwishoni. Kwa hiyo, mwezi Juni wa mwaka unaofuata atadaiwa salio la 2,700,000 pamoja na riba ya kukadiria chini.

Dawa yake ni kurekebisha makadirio, jambo ambalo sheria inaruhusu ndani ya mwaka. Akiyarekebisha mwezi Juni kabla ya awamu ya pili, kodi mpya ya 5,136,000 hupunguzwa zile 609,000 alizokwisha kulipa, na zinazobaki, 4,527,000, hugawanywa kwa awamu tatu zilizosalia. Kila awamu inakuwa 1,509,000. Ni mzigo, lakini unabebwa wakati fedha za zabuni zinaingia.

Marekebisho huenda pande zote mbili. Biashara ikidorora, makadirio hushushwa, na si lazima kuendelea kulipa kodi ya faida ambayo haipo huku ukisubiri marejesho. Andaa tu maelezo na takwimu za mauzo, kwa kuwa makadirio yanayoshuka huvutia maswali. Mshauri anayefaa hukupigia simu angalau mara mbili kati ya Machi na Desemba kuuliza mwenendo wa biashara. Asiyefanya hivyo anakujazia fomu tu.

Wateja wangu hunikata kodi ya zuio. Inaingiaje katika hesabu hizi?

Ni malipo ya awali ya kodi yako, na ni fedha yako. Mtoa huduma mkazi anayelipwa ada ya kitaalamu hukatwa asilimia 5. Anayeuza bidhaa kwa serikali na taasisi zake hukatwa asilimia 2. Kodi ya pango hukatwa asilimia 10. Mhandisi aliyetoa ankara ya milioni 20 atapokea milioni 19, na milioni moja itakwenda TRA kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi (TIN).

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuandika milioni 19 kama mapato. Mapato ni milioni 20, na ile milioni moja huhesabiwa upande wa kodi iliyolipwa. Anayeandika 19 amejinyima haki ya kuidai na papo hapo ameonesha mapato pungufu. La pili ni kutofuatilia cheti cha kodi ya zuio. Mteja anaweza kukukata na asiwasilishe, au akawasilisha kwa TIN iliyokosewa tarakimu moja, nawe ukagundua mwaka mmoja na nusu baadaye wakati mhasibu wa taasisi ile amekwisha kuhama. Cheti kiombwe mwezi ule ule uliolipwa. Kodi iliyozuiliwa hupunguzwa pia katika hesabu ya awamu zilizosalia, kwa hiyo mwenye wateja wengi wa taasisi anaweza kujikuta awamu zake za mwisho zimekuwa ndogo sana.

Nije na nyaraka gani kwa mshauri?

Taarifa za benki za akaunti zote, zikiwemo za simu, kwani fedha nyingi za biashara ndogo hupitia huko na TRA wanajua hivyo. Ripoti za mauzo za mashine ya kielektroniki ya risiti (EFD). Risiti za manunuzi zenye jina na TIN yako. Mikataba ya pango, mikopo na ajira. Vyeti vya kodi ya zuio. Nyaraka za forodha kama unaagiza mzigo. Orodha ya mali za kudumu pamoja na tarehe na bei zilizonunuliwa. Hesabu ya mzigo uliokuwepo dukani tarehe 31 Desemba, iliyohesabiwa siku hiyo na kutiwa saini. Hii haiwezi kutengenezwa upya mwezi Mei, na bila hiyo faida ghafi inakuwa ya kubahatisha.

Usije na mfuko wa rambo uliojaa risiti. Zitapangwa, lakini utalipia muda wa kuzipanga kwa bei ya mtaalamu.

Ni gharama zipi zinazokubaliwa kupunguza mapato?

Kanuni ya msingi ni kwamba gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu. Pango la duka, mishahara, umeme, usafirishaji, riba ya mkopo uliotumika katika biashara na ada ya mshauri mwenyewe hupita kwa urahisi zikiwa na ushahidi. Matumizi binafsi, faini, rushwa na kodi ya mapato yenyewe hayapiti.

Ugumu uko katikati. Gari linalobeba mzigo asubuhi na watoto wa shule jioni, simu moja inayotumika kwa wateja na kwa ndugu, nyumba ambayo chumba kimoja ni ofisi: hizi hugawanywa, na mgawanyo uwe na msingi unaoelezeka. Afisa wa ukaguzi hakatai mgawanyo wa asilimia 60 kwa 40 wenye daftari la safari. Anakataa asilimia 100 isiyo na maelezo.

Fedha unazochukua mwenyewe kutoka biashara iliyo kwa jina lako binafsi si mshahara na si gharama. Uziite posho, uziite mshahara wa meneja, bado ni faida uliyoichukua. Hali ni tofauti kwa mwenye kampuni, kwa kuwa kampuni ni mtu mwingine kisheria na inaweza kumwajiri, ili mradi PAYE ikatwe na kupelekwa kila mwezi.

Ushahidi unaoulizwa kwanza katika ukaguzi ni risiti ya EFD. Hili ni kero kwa wanaonunua kutoka kwa wakulima, mafundi wa mtaani na wabeba mizigo ambao hawana mashine. Pamoja na hivyo, hati ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, simu, saini na maelezo ya kazi, ikiambatana na muamala wa benki au simu, ina nguvu kuliko kutokuwa na kitu. Zungumza na mshauri mapema kuhusu aina hizi za malipo, mwaka ungali unaendelea, ili utaratibu uwekwe.

Kuhusu mali za kudumu, sheria haiangalii uchakavu ulioandikwa na mhasibu katika vitabu, bali hutoa viwango vyake. Kompyuta na magari madogo yamo katika kundi la asilimia 37.5, malori makubwa na mitambo ya kiwandani asilimia 25, samani asilimia 12.5. Katika makundi haya hesabu hufanywa kwa thamani iliyomo kwenye kundi mwishoni mwa mwaka, bila kujali mali ilinunuliwa mwezi gani. Kampuni inayohitaji kompyuta za milioni 8, ikizinunua na kuanza kuzitumia Desemba badala ya Januari, inapata punguzo la milioni 3 katika mwaka unaoisha, na kodi yake ya asilimia 30 inapungua kwa 900,000. Huu ni upangaji halali kabisa. Ila una maana kwa kitu ambacho kingenunuliwa tu. Kutumia milioni 8 usizozihitaji ili uokoe laki tisa si upangaji.

Je, nikisajili kampuni kodi itapungua?

Watu wengi husajili kampuni wakiamini hivyo, na wengi wamekosea. Kampuni hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza ya faida. Haina ile sehemu ya 3,240,000 isiyotozwa wala ngazi za asilimia 8, 20 na 25. Zaidi ya hapo, faida iliyobaki ikigawiwa kwa mwenye hisa, gawio hukatwa asilimia 10. Katika kila shilingi 100 za faida, 30 zinakwenda kama kodi ya kampuni, 7 zinakatwa kwenye gawio la 70, na mmiliki anabaki na 63. Mtu binafsi mwenye faida ile ile hafikishi asilimia 30 kwa jumla, hata awe na mapato makubwa kiasi gani, kwa sababu ngazi za chini humpunguzia.

Hesabu hubadilika ikiwa sehemu ya faida italipwa kama mshahara wa kazi halisi. Zipo pia sababu nzuri za kuwa na kampuni ambazo si za kodi: zabuni, wabia, mikopo, kutenganisha madeni ya biashara na nyumba ya familia. Mshauri anayejua kazi yake ataweka mahesabu yote mezani na kukuacha uamue. Anayekimbilia kukusajilia kampuni huenda anatazama ada ya usajili.

Mwaka huu nimepata hasara. Bado niwasilishe ritani?

Ndiyo, na kwa faida yako mwenyewe. Hasara ya biashara iliyotangazwa huhamishiwa miaka inayofuata na kupunguza faida itakayopatikana. Isiyotangazwa ni vigumu kuidai baadaye. Kampuni zina masharti zaidi. Ile inayoonesha hasara kwa miaka mitatu mfululizo huanza kutozwa kodi ya kiwango kidogo juu ya mauzo ghafi, isipokuwa sekta chache zilizosamehewa, na ile yenye hasara za muda mrefu huwekewa kikomo cha kiasi inachoweza kupunguza kwa mwaka mmoja. Kampuni iliyo katika mwaka wa pili wa hasara ina la kujadiliana na mshauri kabla mwaka wa tatu haujafungwa.

Nikichelewa kuwasilisha kunatokea nini?

Adhabu huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, nayo ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa au kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Kiwango cha chini kwa kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Riba ya kodi iliyocheleweshwa ni kitu kingine na huhesabiwa kando. Kwa hiyo hata kampuni isiyo na shughuli, ile iliyosajiliwa kwa shauku na kuachwa, hulimbikiza adhabu kimya kimya. Kama hali ndiyo hiyo, wasilisha kwanza ritani zilizopitwa na wakati, kisha mshauri aandike barua ya kuomba kulipa kwa awamu.

Mshauri akikosea, nani anawajibika kwa TRA?

Wewe. Ritani ni tamko lako, hata kama vidole vilivyoijaza ni vya mtu mwingine. Unaweza kumdai mshauri fidia kwa mujibu wa makubaliano yenu, lakini TRA watakudai mlipakodi. Ndiyo maana isiwasilishwe kabla hujaisoma na kuuliza mambo matatu: mauzo yaliyoandikwa yanalinganaje na ripoti za EFD na taarifa za benki, ni gharama zipi amezikataa na kwa nini, na kodi ya zuio aliyoihesabu inatokana na vyeti vipi. Nywila ya akaunti yako ya mlipakodi ibaki mikononi mwako.

TRA wametoa tathmini ambayo siikubali. Nifanye nini?

Hesabu siku. Pingamizi huwasilishwa kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea tathmini, likieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Ili lipokelewe, hulipwa kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kilicho kikubwa. Anayeshindwa anaweza kuomba msamaha wa amana hiyo kwa kueleza sababu za msingi, na ombi hilo nalo lina muda wake. Usiporidhika na uamuzi, njia inaendelea hadi Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani.

Mashauri mengi hupotea kwa sababu ya muda, si kwa sababu ya hoja. Barua ya tathmini ikifika, ifike kwa mshauri siku hiyo hiyo.

Ada ya mshauri ni kiasi gani, na ninailipaje?

Hutegemea wingi wa miamala na hali ya kumbukumbu zako. Makubaliano yawe ya maandishi na yatenganishe kazi: makadirio na marekebisho yake, utayarishaji wa hesabu, ukaguzi, ritani, na uwakilishi endapo TRA wataanzisha uchunguzi. Wengi hudhani hilo la mwisho limo ndani ya ada ya mwaka, kumbe halimo. Epuka ada inayopimwa kwa asilimia ya kodi aliyoipunguza, kwani inampa mtu sababu ya kuthubutu kwa gharama yako.

Ukiwa mfanyabiashara, unapomlipa mshauri unatakiwa nawe umkate asilimia 5 ya ada yake kama kodi ya zuio, uiwasilishe TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na umpe cheti. Mshauri ambaye hakukumbushi jambo hili ameanza vibaya.

Biashara yangu iko Zanzibar. Je, taratibu ni zile zile?

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato inatumika pande zote mbili, na TRA ina ofisi Zanzibar. Kodi ya ongezeko la thamani ndiyo iliyo na sheria yake ya Zanzibar. Chagua mshauri aliyezoea kufanya kazi na TRA na pia mamlaka ya kodi ya Zanzibar.

Ninaishi nje ya nchi lakini nina nyumba za kupangisha Dar es Salaam. Ninahusika?

Mapato yenye chanzo Tanzania hutozwa kodi Tanzania, popote ulipo. La kuangalia zaidi ni ukaazi. Anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi, na mwenye makazi ya kudumu hapa anaweza kuhesabiwa mkazi kwa kukaa sehemu tu ya mwaka. Mkazi kwa kawaida hutozwa kwa mapato yake ya duniani kote. Kwa hiyo mwenye kibarua Muscat anayejenga Mbezi na kurudi kila likizo ana swali la kweli la kumuuliza mshauri, na aende nalo akiwa na pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka.

Ninataka kubadilisha mshauri. Nidai nini kwa yule wa zamani?

Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na ni zako. Pata hesabu zilizosainiwa na ritani za miaka yote hiyo, urari wa mwisho wa vitabu, vyeti vya kodi ya zuio na barua zote zilizokwenda na kutoka TRA. Kisha dai jedwali mbili ambazo mara nyingi husahaulika: thamani iliyobaki ya kila kundi la mali za kudumu kwa hesabu za kodi, na hasara ambazo hazijatumika. Bila hizo mshauri mpya ataanza kwa kukisia, na makadirio yake ya Machi yatakuwa na kasoro kabla hata hajaandika mstari wa kwanza. Ondoa pia idhini ya mshauri wa zamani katika mfumo wa TRA na ubadilishe nywila siku makabidhiano yanapokamilika.